Kilo haisemi yote: mutu anayepimwa mwili ategemee nini?

Muchimbaji wa almasi anajua kupima. Anajua kwamba karati moja ni gramu 0,2, na kwenye kontwari robo ya karati inaweza kuleta maneno ya siku nzima. Lakini umuulize mutu huyo huyo, akitoka kwenye machimbo ya njia ya Banalia ao ya Bafwasende, mwili wake uko na kilo ngapi. Atacheka. Wengi walipimwa mara ya mwisho wakiwa watoto wa mugongoni, siku ya kilo, mama akishika karatasi ya mutoto mukononi.

Na sasa neno "skani ya mwili" linatufikia kwa njia mingi. Ndugu aliye Nairobi, Kampala ao Bruxelles anatuma picha ya karatasi kwenye simu: mafuta asilimia hizi, misuli kilo hizi, maji lita hizi. Mwingine anakutana na mutu mwenye ordinatere ndogo, anamuahidi kusoma mwili muzima kwa dakika moja. Familia za wachimbaji ziko na haki ya kujua kipimo hiki ni kitu gani, kinafanywa namna gani, na sisi wa Mangobo tunaweza kupima nini hapa hapa bila kulipa pesa ya bure.

Mawese yanaelea, zahabu inazama

Mutu akipanda juu ya mizani, mizani inasema namba moja tu. Ndani ya namba ile kuko mifupa, misuli (ile tunaita nyama ya mwili), mafuta, na maji. Maji peke yake ni zaidi ya nusu ya uzito wa mwanaume mukubwa. Mizani haijui kutenganisha. Ukipoteza kilo tatu za misuli na miguu yako ikavimba maji kilo tatu, mizani itasema hakuna kilichobadilika, na wewe uko mugonjwa.

Kutenganisha ndiyo kazi ya kipimo tunachozungumzia, na mutu wa machimbo anaweza kukielewa haraka kuliko mutu wa biro. Ukisafisha muchanga ndani ya karai, zahabu inabaki chini juu ni nzito, muchanga unakwenda na maji. Mwili pia uko na vitu vizito na vyepesi. Mafuta ni mepesi kuliko maji, sawa vile mawese yanavyoelea juu ya supu. Misuli na mifupa ni mizito kuliko maji. Kwa hiyo waganga wa zamani walimuzamisha mutu ndani ya maji na kumupima kule chini: mwenye mafuta mengi anakuwa mwepesi majini, mwenye misuli anazama.

Mwaka 1942, muganga wa jeshi la maji la Marekani, Albert Behnke, pamoja na mwenzake, walipima hivyo wachezaji 25 wa futubali ya Kimarekani. Kwa hesabu ya kilo na urefu, 17 kati yao walihesabiwa wanene kupita kiasi, hawafai jeshi. Maji yakasema maneno mengine: uzito wao ulikuwa wa misuli, mafuta yalikuwa kidogo. Mupiga koleo wa Tshopo mwenye mabega mapana anaweza kuhukumiwa vibaya vile vile, kama muganga anasoma kilo tu. Na kinyume chake: mutu anaweza kuwa na kilo "nzuri" na misuli imekwisha, imebaki tumbo.

Siku ya kipimo

Mashine inayosifiwa sana katika hospitali kubwa za inchi tajiri inaitwa DEXA. Mutu analala chali juu ya meza, amevua mukanda, saa, cheni, na kila kitu cha chuma. Mukono wa mashine unapita juu yake polepole, dakika kumi hivi, wakati mwingine ishirini. Hakuna sindano, hakuna maumivu, hauingizwe ndani ya shimo lenye kelele. Inatumia miale ya radio ya aina mbili zenye nguvu ndogo, na kipimo cha miale ni kidogo kuliko cha radio ya kifua. Lakini mwanamuke mwenye mimba, ao anayefikiri yuko na mimba, aseme kabla ya kulala pale. Karatasi inaonyesha mifupa, mafuta na misuli, mukono wa kuume na wa kushoto, tumbo, miguu. Mashine ile ni ya bei kali na kazi yake ya kwanza ni kuangalia mifupa ya wazee. Kwenye kituo cha afya cha kartie hautaikuta.

Ile mutu anaweza kukutana nayo zaidi, kwenye miji mikubwa, ni mizani ya umeme mudogo. Unasimama miguu wazi juu ya sahani za chuma, wakati mwingine unashika vipini viwili, na umeme mudogo sana unapita mwilini. Hausikii kitu. Umeme unapita vizuri ndani ya maji yenye chumvi, na misuli iko na maji mengi, mafuta yanauzuia. Mashine inaangalia umeme umezuiwa kiasi gani, kisha inapiga hesabu kwa kufuata urefu wako, umri, kilo, na kama uko mwanaume ao mwanamuke. Kwa maneno mengine, haijapima mafuta: imepima umeme, mafuta imeyakadiria. Na hesabu zile mara nyingi zilitengenezwa juu ya watu wa Ulaya, Amerika na Asia. Ukiambiwa uko na mafuta asilimia 18,4, usiiweke ile 4 moyoni.

Juu maji ndiyo yanaongoza, siku ile maji ya mwili yanaweza kudanganya mashine. Mutu aliyechimba toka asubuhi, jua kali, jasho limemutoka, ao aliyekunywa lotoko jana yake usiku, mwili wake umekauka. Mashine itasema yuko na mafuta mengi kuliko kweli. Mwenye miguu iliyovimba, itasema yuko na misuli mingi. Ndiyo maana anayepima vizuri atakuambia usile saa tatu ao ine kabla, usinywe pombe siku moja kabla, usifanye kazi ngumu, uende haja ndogo kwanza. Asipokuuliza hata moja ya mambo haya, hesabu yake ni ya kubahatisha. Mwenye mashine ndogo ya moyo iliyowekwa kifuani asipande kabisa. Mwenye mimba pia haipimwe hivyo, kwani namba zitakuwa za uongo.

Kuna njia nyingine, ya watafiti: mutu anakunywa maji yenye deuteriamu, ambayo ni haidrojeni nzito kidogo, haina miale, kisha anatoa mate baada ya masaa machache. Wanaona maji yale yamechanganyika na maji mengi kiasi gani mwilini. Shirika la umoja wa mataifa la nguvu za atomu, AIEA, limesaidia inchi mingi za Afrika kutumia njia hii kwa watoto na mama zao. Mutu mumoja mumoja haendi kuinunua.

Kijiti cha chuma na ordinatere

Sasa tufike kwa yule mwenye ordinatere ndogo. Katika miji mingi ya Afrika kuko watu wanaotembea na kisanduku kilichounganishwa na ordinatere. Unashika kijiti cha chuma mukononi kwa dakika moja, kisha karatasi zinatoka, kurasa na kurasa: ini lako limechoka, figo ziko na muchanga, kalsiyamu imepunguka, homoni hazina mupango, damu nzito. Kila kurasa iko na rangi. Na kila ugonjwa uko na chupa yake pale pale juu ya meza, ya kunywa miezi mitatu.

Kile si kipimo cha mwili. Mizani ya umeme mudogo, hata ikikosea, inasema mambo matatu tu: mafuta, misuli, maji. Haiwezi kujua ini, haiwezi kujua vitamini, haiwezi kuona tifoide. Ini linapimwa kwa damu, ndani ya labo. Figo, kwa damu na mukojo. Moyo, kwa mashine nyingine kabisa. Hakuna kijiti cha kushika mukononi kinachoweza kuhesabu kalsiyamu ya mutu.

Ukitaka kujaribu mutu wa kijiti, muombe akupime mara mbili siku moja, mara ya kwanza na umri wako wa kweli, mara ya pili na jina lingine na umri mwingine, kisha weka karatasi mbili pamoja. Mara nyingi hatakubali hata kuanza. Wengine watasema, "Lakini aliniambia nachoka na naumwa mugongo, na ni kweli!" Bwana, ni muchimbaji gani wa Tshopo asiyechoka na asiyeumwa mugongo?

Hasara yake kubwa haiko kwa pesa, hata kama pesa inauma. Iko kwa wakati. Mutu anayekonda na kukohoa, akipewa chupa ya miezi mitatu "ya kusafisha ini", atarudi machimboni na chupa ile, atalala ndani ya blende pamoja na wenzake kumi, na kile kinachomula kitaendelea kumula, na kuruka kwa wengine.

Muchimbaji anayekonda

Hapa ndipo kipimo cha mwili kinakuwa neno la maisha. Wachimbaji wamezoea kukonda. Kazi ni ngumu, chakula ni fufu na sombe kama kuna bahati, mapato ni ya siku kwa siku, na PDG wa shimo hapimi watu, anapima muzigo. Mutu akirudi Mangobo juu ya toleka, suruali inafungwa na kamba, jirani wanasema ni kazi. Akiendelea kukonda, wanaanza kusema ni sumu, ao ni ndoki wa familia. Kati ya maneno hayo mawili, hakuna aliyempandisha juu ya mizani.

Kwa waganga, mutu mukubwa anayepoteza zaidi ya kilo 5 kwa kila kilo 100 za mwili wake ndani ya miezi sita hadi mwaka mumoja, bila kutaka, lazima atafutiwe sababu. Kwa mutu wa kilo 60, ni kilo 3 tu. Tufanye hesabu: kijana wa kilo 62 aliondoka, amerudi kilo 56. Zile 6 ni karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Hata kama anacheka na anakula, aende.

Sababu ni mingi. Kifua kikuu kinakuja mbele: kikohozi cha wiki mbili na zaidi, homa ya jioni, jasho la usiku, kukonda. Machimbo yanakisaidia, juu watu wanalala pamoja bila hewa, na anayeponda mawe magumu anavuta vumbi lenye silika, ambalo linaharibu mapafu na kuyafungulia TB mulango. Hakuna skani ya mafuta inayoweza kuona kifua kikuu. Kinatafutwa ndani ya makohozi, kwa darubini ao kwa mashine inayoitwa GeneXpert, na radio ya kifua inaongeza mwangaza. Katika inchi yetu dawa za TB zinatolewa bure, kupitia programu ya taifa ya kupiganisha kifua kikuu, kwenye vituo vya afya vilivyowekwa kwa kazi hiyo. TB ya kawaida inatibiwa miezi sita. Anayesimamisha dawa mwezi wa pili juu amepata nguvu ya kurudi shimoni, anajitengenezea TB ngumu.

Kuko pia virusi vya ukimwi. Kuko sukari, ambayo inakondesha mutu huku anakunywa maji sana na kukojoa sana. Kuko minyoo, malaria ya kurudi-rudi, na kuko njaa ya kweli. Muganga atauliza, atapima damu. Kilo ndiyo inafungua mulango, haimalizi kesi.

Tuko na nini hapa?

Mizani ya kawaida, utepe wa kupima urefu, na bande ya mukono. Vinaonekana vidogo, lakini kwa macho yangu vitatu hivi vinashinda mashine yoyote ambayo mutu anaiona mara moja tu maishani. Zoni ya afya ya Mangobo iko na hospitali yake kuu na vituo vya afya ndani ya makartie, na mizani ni kitu cha kwanza cha kituo. Omba kupimwa. Usione haya eti uko mwanaume muzima.

Kwa mutu mukubwa wanapiga hesabu inayoitwa IMC kwa Kifaransa: kilo zako unazigawanya na urefu wako mara urefu wako. Mutu wa metre 1,70: 1,70 mara 1,70 ni 2,89. Akiwa na kilo 50, ni 50 kugawanya na 2,89, inatoka karibu 17,3. Chini ya 18,5 mutu amekonda kupita. Kutoka 18,5 hadi chini ya 25 ni kawaida, kutoka 25 uzito umeanza kuzidi, na kutoka 30 ni unene wa ugonjwa. Kwa huyu wa metre 1,70, mupaka wa chini ni kilo 53 na nusu hivi. Hesabu hii haihusu mwenye mimba, wala mutoto, na tumekwisha kusema inavyokosea kwa mutu mwenye misuli mingi ao mwenye kuvimba.

Kwa watoto, wakati baba yuko machimboni, bande ya mukono ndiyo skani ya nyumbani. Ni kwa watoto wa miezi 6 hadi chini ya miaka 5. Unatafuta katikati ya bega na kiwiko, mukono wa kushoto, mukono ukining'inia bila kukazwa, unazungusha bande bila kubana nyama. Rangi ya kijani ni milimetre 125 na zaidi. Ya manjano ni kuanzia 115 mpaka chini ya 125: mutoto anapunguka, mupeleke kituoni wiki ile. Nyekundu ni chini ya 115: ni leo, si kesho. Huko Niger, shirika ALIMA lilifundisha wamama kupima wenyewe, na ikaonekana wanapima karibu sawa na watu wa kazi ya afya. Mama wa Mangobo hawezi kushindwa.

Lakini bande iko na adui mumoja, na mizani pia: maji. Mutoto wa kwashiorkor anavimba, uso wa mviringo, watu wanamusifu kwamba amenona. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, hesabu polepole mpaka tatu, ondoa. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mutoto yuko katika hatari, hata kama kilo inaonyesha vizuri na bande ni kijani. Kitendo hiki cha sekunde tatu hakuna mashine ya bei inayokifanya vizuri kuliko kidole cha mama.

Mwanamuke mwenye mimba ao anayenyonyesha, naye mukono wake unapimwa. Mupaka unaotumiwa sana ni santimetre 23. Chini ya hapo, aelezwe na asaidiwe. Mume aliye mbali ajue kwamba pesa anayotuma inafika kwanza kwenye mukono ule.

Karatasi ikishatoka

Basi tuseme ndugu yako amekulipia kipimo cha kweli katika muji mukubwa, umepewa karatasi. Usiangalie kwanza mafuta. Kwa mutu wa kazi ya nguvu, angalia misuli. Namba moja haisemi mingi, na mwanamuke kwa asili yuko na mafuta mengi kuliko mwanaume, si ugonjwa. Kinachosema ni namba mbili za siku mbalimbali, mashine ile ile, saa ile ile, bila jasho na bila lotoko. Misuli ikipunguka na kilo ikipunguka, peleka karatasi kwa muganga. Kilo ikipanda na miguu inavimba, usifurahi, peleka vilevile.

Na misuli hairudi kwa chupa. Inarudi kwa kutibu kile kinachoila, kwa kulala usingizi, na kwa chakula chenye kujenga: maharagi, karanga, samaki hata wa kukausha, mayai, viwavi wakati wa majira yake, sombe iliyotiwa karanga. Fufu peke yake inashibisha tumbo, mabega inayaacha.

Kwa wale wanaoondoka machimboni wiki hii: pitia kwenye kituo kabla ya safari, upimwe kilo na urefu, uandike tarehe nyuma ya karatasi yoyote, uifunge ndani ya sashe juu ya mvua. Siku ya kurudi, upimwe tena asubuhi kabla ya kula, ndala na koti zimevuliwa, juu ya mizani ile ile. Kama kituo kimebadilisha mizani, liandike hilo pia.